Pikipiki ya Nadhiri

Sehemu ya Kumi na Moja

Jumapili iliyopita tulimwacha Zablon akishuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa la kigango, Kawajense. Magongo mawili kwapani, mguu wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta, moyo unamwenda mbio. Ndani ya uwanja, katikati ya mbuzi na magunia ya mpunga wa mavuno, imesimama pikipiki yake. Usukani umevishwa maua ya karatasi. Na mzee Telesfori, mwenyekiti wa kigango, ameshainua mkono kuinadi.

"Haya, nani anaanza?"

"Haanzi mtu," Zablon alisema. "Hiyo pikipiki ni yangu."

Hakupaza sauti. Hata hivyo kwaya ilinyamaza, na mbuzi mmoja tu ndiye aliyeendelea na maneno yake.

Mzee Telesfori alishusha mkono. Ni mtu wa utani, ndiyo maana kila mwaka anapewa yeye kazi ya kunadi. "Fundi, mbona unatujia na magongo kama unataka kutuchapa? Karibu kwanza. Kama unataka kununua, utanyoosha mkono kama wenzako."

Watu walicheka. Zablon hakucheka.

"Siwezi kununua kitu changu, mzee."

"Kimeletwa altareni leo asubuhi. Kimenyunyiziwa maji ya baraka pamoja na hawa kuku. Mimi nanadi kilicholetwa."

"Nani kakileta?"

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, mpaka macho yote yakafika kwenye benchi la akina mama. Hapo alikaa Vestina, mke wake, mikono juu ya mapaja.

"Ni mimi, Baba Queen," alisema.

Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, niseme kwa kifupi. Pikipiki hii si ya kubebea abiria. Ni Yamaha kubwa ya mwendo na masafa, ya buluu, ina kioo mbele na masanduku pembeni, na Mpanda nzima ipo hiyo moja. Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akizunguka Afrika alikwama nayo karibu na Inyonga, injini imekufa. Zablon, fundi wa Makanyagio, akaivuta hadi gereji yake, na yule mzee alipougua malaria, Zablon akamlaza nyumbani kwake. Mzee alipopona, hamu ya safari ilikuwa imemwisha. Alipanda treni ya Tabora, akaacha kadi na funguo. "Ukiifufua ni yako," alisema.

Zablon aliifufua. Tangu siku hiyo hakutulia tena. Leo yuko Tabora, kesho yuko njia ya Sumbawanga, na hata akiwa kanisani kiganja chake cha kulia kilikuwa kinakunja mafuta hewani, kama kimeshika usukani, wakati wenzake wanasali Baba Yetu.

Mpaka jioni ile ya Sitalike, kiboko alipotoka mtoni akasimama katikati ya lami.

Zablon alilazwa siku kadhaa hajitambui. Vestina akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia Mungu: mrudishe huyu mwanamume, nami nitakutolea kile anachokipenda kuliko vitu vyote. Kabla jua halijazama Zablon alifumbua macho na kuomba maji.

Mungu alikuwa ametimiza upande wake. Sasa Vestina alikuwa anatimiza wa kwake, na mwenye pikipiki hakuulizwa.

"Uliniambia iko mahali salama," Zablon alisema.

"Nilikwambia kweli. Kuna mahali salama kuliko kwa Mungu?"

"Amina," akaitikia Mama Restituta kutoka benchi la nyuma, na akina mama wengine wakaguna kumuunga mkono.

"Mama Restituta, nakuheshimu," Zablon alisema, "ila mumeo ana trekta. Nenda kaliwekee nadhiri tuone."

Hapo uwanja ulicheka wote. Mume wa Mama Restituta akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Padri Rafaeli alitoka sakristia akiwa bado na kanzu, chupa ya soda mkononi. Ni kijana, hana miaka mingi ya upadri, lakini hakuna anayemchezea. Aliwasikiliza wote wawili bila kumkatiza yeyote. Kisha akaweka soda chini.

"Mama Queen, nadhiri humfunga yule aliyeiweka. Huwezi kumwahidi Mungu mali ya mwenzako bila ridhaa yake. Mungu hapokei kitu kilichochukuliwa kwa mtu." Akamgeukia Zablon. "Pikipiki ni yako. Ichukue uende nayo kwa amani."

Hivyo tu. Zablon alihisi pumzi inamrudia. Alitupa gongo moja mbele, akapiga hatua, na lingine.

"Padri," Vestina alisema. "Mimi niliahidi. Akafumbua macho. Akiichukua leo, nikamkuta tena barabarani, nitamwambia nini Mungu? Nitamwomba kwa mdomo gani?"

Padri aliinama akaokota soda yake.

Vestina aliinuka, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akamfikia mumewe. Alijifanya anamfuta vumbi begani.

"Kaa kimya unisikilize," alinong'ona. "Waache wainadi. Edgar ataishinda."

"Edgar yupi?"

"Edgar wako. Nimemwachia hela zote nilizouzia kiwanja changu cha Kawajense. Ataishinda, halafu ataitamka kuwa zawadi kwako. Si unajua desturi? Mungu atakuwa amepata chake, na wewe utakuwa umepata chako. Sasa nyamaza."

Hiyo desturi kila mwenye kusali huku anaijua. Siku ya mavuno mtu hununua kuku mnadani, halafu husema kwa sauti: kuku huyu nimemnunulia bibi fulani, au watawa, au mgonjwa. Wengine hununua na kurudisha ili anadiwe tena. Ukishatamka, imekwisha. Hakuna anayeuliza kwa nini, na anayepewa hakatai.

Zablon alitazama upande wa kwaya. Edgar, rafiki yake na mwenzake wa gereji, alikuwa ameegemea ukuta. Akapandisha nyusi kidogo, kama wanavyofanyiana wanapomtega mteja mbishi.

Akili ya Zablon ilizunguka kwa kasi. Akiichukua sasa, mke wake hatalala tena usingizi. Akisubiri kidogo tu, atapata pikipiki na usingizi wa mke.

"Padri," alisema kwa sauti ya kusikika, "nimefikiri. Nakubali. Iuzwe."

"Unaitoa kwa moyo wako mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Kwa moyo wangu, Padri."

Alidanganya, msomaji. Alidanganya nje ya mlango wa kanisa, mchana kweupe, na mate yakamwia machungu. Lakini Padri alikuwa amesikia, na watu wote walikuwa wamesikia, na neno la ridhaa likishatoka mbele ya mashahidi halirudi mfukoni.

Akina mama walipiga vigelegele. Mzee Telesfori akajifuta jasho kwa furaha.

"Sasa tumeelewana. Wapendwa, hiki si kuku. Hiki ndicho kile kinachopita kwenu asubuhi, chai inatetemeka kikombeni. Nani anaanza?"

"Milioni moja," Edgar alisema.

"Milioni moja ya nini, kijana, ya tairi? Usimchekeshe Mungu."

Edgar akapandisha. Mwalimu mmoja akapandisha kidogo, mke wake akamvuta shati, akakaa. Mwenye duka la mbolea akajaribu mara mbili, akaishia hapo. Edgar akapandisha tena. Hakuna mkono mwingine uliopanda. Zablon alikuwa anahesabu pumzi. Mzee Telesfori aliinua mkono juu.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili."

"Ongeza ng'ombe mmoja."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na lango. Alikuwa amekaa juu ya gunia, kofia pana, fimbo katikati ya magoti, shuka la lubega begani. Ni mzee Mwandu, Msukuma wa mifugo mingi anayekaa njia ya Mishamo. Mke wake Monika ndiye muumini. Yeye mwenyewe kanisani huonekana siku ya mavuno tu, kwa sababu kuna mnada.

"Mzee Mwandu, hapa tunataja shilingi," Telesfori alisema.

"Taja wewe shilingi, si ndiyo kazi yako? Mimi nataja ng'ombe. Alichosema huyo kijana, weka na ng'ombe mmoja juu."

Uwanja ukaanza kuchangamka. Edgar akapandisha.

"Na ng'ombe mmoja juu," Mwandu alisema.

"Mzee, unajua hata kuiwasha?" Edgar aliuliza, akijaribu kutabasamu.

"Sijui. Wewe unajua kukamua?"

Kicheko. Edgar akapandisha tena, safari hii kidogo tu.

"Ng'ombe wawili. Huyu kijana anachelewesha watu kula."

Edgar alimtazama Vestina. Vestina alimtazama Edgar. Kule kutazamana kulikuwa kufupi, lakini Zablon alikuona, na alielewa maana yake: hela zote za kiwanja zimefika mwisho.

"Edgar, pandisha," Zablon alisema kwa meno yaliyobana.

"Nipandishe na nini, Zabu? Nikupandishe wewe?"

"Weka gereji."

"Gereji ni ya kwetu wote wawili."

"Nimesema weka."

Edgar akatikisa kichwa. Na hapo ndipo Zablon alipotaka kupaza sauti, aseme nimebadili nia, nilisema tu, sikuwa namaanisha. Midomo ilifunguka kabisa. Akamwona Padri Rafaeli anamtazama, si kwa ukali, bali kama mtu anayesubiri kitu. Zablon akafunga mdomo.

"Mara ya kwanza," Telesfori alisema. "Mara ya pili. Ya tatu. Imekwenda kwa mzee Mwandu, na ng'ombe waje wakiwa hai, wasije wamekonda."

Vigelegele. Ngoma ya kwaya. Zablon alikaa chini kwenye gunia la mpunga la mtu asiyemjua. Kiganja chake kilikunja mafuta hewani mara moja, kikaacha.

Alikuwa amejifanya anatoa. Ikachukuliwa kweli.

Mzee Mwandu alikuja mbele taratibu, akiiegemea fimbo yake. Alizunguka pikipiki mara moja, akaibonyeza tairi kwa kidole kama anavyobonyeza nundu ya dume. Mzee Telesfori akamkabidhi funguo.

"Unaipeleka nyumbani, mzee, au unamtolea mtu?"

"Namtolea mtu."

Zablon aliinua kichwa. Edgar naye. Maana ni nani mwingine hapa? Nani mwingine Mpanda nzima anaweza hata kuisimamisha wima? Alishika magongo yake, akaanza kujiinua kwenda kupokea.

"Kaa, fundi, utaanguka," Mwandu alisema. "Sijakutaja."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

"Mke wangu alilazwa mwaka huu," Mwandu aliendelea, na kicheko kikapungua. "Mimi nilikuwa porini, ng'ombe wamepotea. Vijana wangu nilikuwa nao huko huko kuwatafuta. Monika alikuwa peke yake wodini. Hospitali hii yetu mnaijua, bila ndugu nani akuogeshe? Basi kulikuwa na mama mmoja anashinda wodi ya wanaume, mume wake hajitambui. Akitoka kwa mume, anavuka uwanja, anamwogesha Monika. Anampa uji. Anamsomea maneno ya Mungu, na hakumuuliza hata ni mke wa nani. Mimi nilipofika nilimkuta mke wangu amesukwa nywele." Akanyoosha fimbo upande wa benchi la akina mama. "Mama huyo ni yule pale. Mayu, mama yangu, njoo uchukue kitu chako."

Akanyoosha funguo kwa Vestina.

Vestina hakusogea. Mama Restituta akamsukuma mgongoni. "Nenda, hazikataliwi hizo."

Alikwenda. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili. Padri Rafaeli aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasema maneno machache ya baraka, na watu wakaitikia Amina kwa nguvu kuliko walivyoitikia misa nzima.

Zablon alikuwa ameshafika. Jasho linamtiririka, uso umeng'aa kama mtu aliyetoka shimoni. Mungu ni mwema. Pikipiki inarudi nyumbani, nadhiri imetimia, na hela za kiwanja zimebaki.

"Mama Queen," alisema, akinyoosha mkono. "Nipe funguo."

"Za nini?"

"Za pikipiki. Edgar ataipeleka, mimi nitakaa nyuma."

Vestina aliziangalia funguo kiganjani. Waliokuwa karibu wanasema midomo yake ilikuwa inasali.

"Ya kwako ulimtolea Mungu," alisema. "Mbele ya Padri. Kwa moyo wako mwenyewe. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, lakini..."

"Hii nimepewa mimi."

"Sawa, ni yetu. Mke na mume, cha nani ni cha nani?"

"Ulipofika hapo langoni hukusema ni yetu, Baba Queen. Ulisema, 'Ni yangu.'"

Mzee Telesfori alikohoa. Mtu mmoja kwenye kwaya alisema "mh", akanyamazishwa.

"Vestina," Zablon alisema, na sasa alikuwa ameshusha sauti, "mguu ukipona nitapanda taratibu. Nakuahidi. Sitakwenda Sitalike jioni."

"Mguu ukipona utaniomba. Mimi nitasali, halafu nitakujibu."

"Utanijibu nini?"

"Sijasali bado."

"Na mpaka hapo itakaa inaota kutu? Nani ataiendesha?"

Vestina aliisogelea pikipiki. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, na chini yake watu wakaona suruali. Alikuja kanisani amevaa suruali ndani. Akayatoa maua ya karatasi kwenye usukani, akampa Mama Restituta ayashike. Akapitisha mguu upande wa pili, akakaa.

"Wee, itakuua hiyo," mtu alisema.

"Hamumjui nyie. Huyu si wa Mishamo? Kule wasichana wanabeba magunia ya maharage kwa pikipiki tangu wadogo."

"Zile ni pikipiki za kichina, ndogo. Hii mzigo wake kama ng'ombe."

Vestina aliinyanyua wima kwa paja na mgongo, bila kutumia nguvu ya mikono, kama inavyotakiwa. Akageuza funguo. Hakubonyeza mara moja. Alisubiri taa ndogo ya dashibodi izime kwanza, ndipo akabonyeza, na injini ikanguruma chini chini mpaka kuku wakajificha chini ya meza.

Zablon aliliona hilo. Ile taa ndogo mtu haisubiri kwa kubahatisha, na hakuna pikipiki ya maharage yenye taa ile.

"Nakwenda kuiegesha nyumbani," Vestina alisema. "Wewe njoo na bodaboda uliyokuja nayo."

"Mama Queen, subiri. Nani kakufundisha hii?"

Aliitia gia. Akatoka taratibu kati ya magunia, miguu imekaa juu ya vikanyagio, hakuyumba. Watu walimpisha. Langoni mzee Mwandu alivua kofia. Pikipiki ya buluu ikaingia barabarani na vumbi likasimama nyuma yake.

Zablon aligeuka kumtafuta Edgar. Ni Edgar aliyeinyoosha baada ya ajali. Ni Edgar aliyekuja wodini kila jioni kumwambia kwamba ameifunika turubai gerejini, na kwamba hakuna mtu aliyeikalia.

Edgar alikuwa palepale ukutani. Hakumwona Zablon akimtazama. Macho yake yalikuwa yameifuata pikipiki, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama ya mtu anayesali rozari. Zablon aliisoma midomo ile neno kwa neno.

Klachi. Gia. Achia, polepole, polepole.

Midomo ya Edgar ikafumba. Na kule kwenye kona ya kwenda Makanyagio, wakati uleule, injini ikabadili mlio.